Watoro wa Kona ya Kinamasi

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumanne, fundi wa maabara ya udongo alifungua friza akatoa vipande kumi na viwili, kila kimoja kikubwa kama kopo la maziwa ya unga, akavipanga mezani kwa safu mbili. Vilikuwa vimeganda kwa mara ya saba. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo: udongo unachanganywa, unashindiliwa ndani ya kopo, unagandishwa siku nzima, unaachwa uyeyuke siku nzima, unagandishwa tena, mpaka zitimie mara kumi na mbili. Kinachobaki kizima kinapelekwa kwenye mashine ya kubana, kinabanwa mpaka kipasuke, na namba inaandikwa. Kisichobaki kizima kinazolewa kwa brashi na kutupwa dirishani, kwenye bustani ambayo haijawahi kuota kitu.

Ofisi nzima ilimwita Makopo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwenye vidole vilivyopasuka kwa baridi.

Vipande vinne vya udongo mtupu vilikuwa vimekwisha kuwa uji. Vinne vilivyotiwa chumvi, kama barabara zote za wilaya zilivyokuwa zikitiwa zamani, vilikuwa vimevimba na kutoa majimaji. Chumvi hiyo ndiyo iliyokausha miti ya kandokando na kuwafanya ng'ombe wasimame katikati ya lami wakilamba. Vinne vya mwisho vilikuwa vyake: majivu ya maganda ya shayiri, gundi nyeusi ya miti ambayo kiwanda cha karatasi huihesabu kama uchafu, na nyuzi za katani zilizokatwa urefu wa pingili ya kidole. Alikigonga kimoja kwa ukucha. Kikaitika kwa sauti kavu, kama mlango wa mtu aliye nyumbani.

Akafunga mabonge matatu ya mchanganyiko huo kwenye gazeti, akasubiri saa sita ifike, akaenda kumwonyesha baba yake, ambaye alikuwa chini ya barabara.

Kona ya Kinamasi iko kilomita nne kutoka maabara. Barabara inapita juu ya tuta refu, na chini ya tuta kuna kalvati la kupitishia maji, ambamo mtu anaweza kuingia akiinama. Mama yake Makopo alikuwa amekwishafika. Aliketi kwenye kigoda chake, shali imezungushwa mara mbili shingoni, chupa ya chai iko katikati ya miguu. Mbele yake, mdomoni mwa kalvati, ameketi mumewe, ana tope mpaka kwenye kola, anapuliza kikombe. Mama alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mumewe alikuwa na thelathini na minne, kama alivyokuwa siku ile. Wapita njia wageni walidhani ni mama na mwanawe, na Mama hakuwaacha na dhana hiyo.

"Ni mume wangu huyu," aliwaambia. "Anachelewa tu kuzeeka."

"Shikamoo, baba," alisema Makopo.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Sijakonda. Ni koti jipya."

"Koti limekonda basi. Nipe hicho ulicholeta."

Baba yake enzi zake aliitwa Koleo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila koleo. Alilibonyeza bonge, akalinusa, akaligusa kwa ncha ya ulimi.

"Hii haina chumvi."

"Haina."

"Afadhali. Mwaka ule walipomwaga chumvi miguu ilituwaka mpaka mwenzetu Domo akatukana kwa lugha ambazo hazipo. Na saruji je?"

"Haina saruji."

"Saruji ilitukaba. Hii," alisema, akilifinya tena taratibu, "hii inashika bila kukaba. Lakini umeipa siku ngapi kabla hujaigandisha?"

"Saba."

"Chache. Majivu ni mavivu, hayapendi kuharakishwa. Yape arobaini, na baridi isiyaguse kabla. Na huku chini maji yanapita upande wa kushoto, si katikati kama ramani yenu inavyosema. Mwambie aliyechora ramani."

"Alishafariki, baba."

"Basi nitamwambia mwenyewe nikimwona."

Alimaliza chai, akamrudishia mkewe kikombe, akainama kuingia. Zamu yake ilikuwa imekwisha. Dakika moja baadaye akatoka Domo, akijinyoosha mgongo, na kuuliza kama mkate umebaki.

Walikuwa tisa. Msimu wa barafu kuyeyuka walitoka mmoja mmoja, saa sita mpaka saa kumi, kila mtu na robo saa yake na ushee, ili tuta lisikose mikono. Miezi mingine hawakutoka kabisa, maana ardhi ikiganda au ikikauka mlango unakuwa mgumu.

Mambo yalivyokuwa yanajulikana, na hakuna anayeyabisha. Miaka thelathini na mmoja nyuma, barabara ilipokuwa inajengwa, mteremko wa kona ulipata ufa. Watu tisa waliokuwa wanaujaza wakamwambia msimamizi wa kazi. Msimamizi akaja, akautazama ufa, akatazama saa. Zilibaki siku mbili mgeni rasmi aje kukata utepe. "Shikilieni hapo," alisema, akaenda kusimamia ushonaji wa utepe. Wakashikilia. Mteremko ukashuka saa tisa alasiri, ukawafunika wote tisa na makoleo yao. Kesho yake gari la kushindilia likapita juu mara kumi na sita, kama kanuni inavyotaka, na keshokutwa yake mgeni rasmi akapita juu yao akipunga mkono.

Kama ingeandikwa kwamba wamefukiwa, sheria ingesimamisha kazi. Kwa hiyo karani wa masjala, aliyekuwa kijana mwenye mwandiko mzuri, aliletewa daftari la mahudhurio na kuambiwa aandike mbele ya kila jina: *Mtoro kazini*. Akaandika mara tisa, kwa wino mwekundu. Mke wa mtoro hakuwa na haki ya kukaa nyumba za wafanyakazi. Mama alitolewa siku ya Ijumaa, ana mtoto wa miaka saba mkono mmoja na godoro mkono mwingine, na jirani aliyekuwa akimwazima kiberiti kila jioni akafunga dirisha asimwone.

Jina la msimamizi yule halitaandikwa hapa, lakini halijasahauliwa.

Wale tisa hawakuacha kushikilia. Walikuwa wameambiwa washikilie, na hakuna aliyerudi kuwaambia waache. Ndiyo sababu barabara nzima ya kilomita sitini ilipasuka kila baridi, ikavimba, ikameza magurudumu, isipokuwa hatua arobaini na mbili za Kona ya Kinamasi, ambazo hazikuwahi kupata hata mkwaruzo.

Makopo aliingia kazi ya udongo kwa sababu hiyo moja. Alitaka udongo ujishikilie wenyewe, baba yake aachilie, atoke. Na akitoka, atoke kama mtu aliyekuwa kazini, si mtoro. Hayo tu. Hakuwahi kuomba jingine, hata kwenye sala.

Mwaka huo alikuja Mhandisi Mkuu mpya. Alipenda mazingira, alibandika picha ya jani mlangoni mwa ofisi na nyingine kwenye mlango wa gari lake. Alimwita Makopo, akamwonyesha chati ya barabara. Yote ilikuwa nyekundu, ila alama moja ndogo ya kijani.

"Nataka kujua hapa waliongeza nini kwenye udongo."

"Waliongeza watu, mheshimiwa."

"Wangapi?"

"Tisa."

Mhandisi akaandika 9. "Wanachafua maji ya kijito?"

"Hapana."

"Wanatoa moshi?"

"Mmoja alikuwa anavuta sigara. Zilimwishia mwaka ule ule."

"Safi sana." Alivuta kikokotoo, akabonyeza. "Tisa kwa hatua arobaini na mbili. Kwa kilomita sitini inakuja elfu kumi na saba na ushee." Akasugua kidevu. "Ni wengi. Lakini haiko nje ya uwezo."

"Mheshimiwa, mmoja wao ni baba yangu."

"Hongera," alisema Mhandisi, na alimaanisha. "Familia yenu imechangia."

Makopo akamweleza kuhusu majivu, gundi na nyuzi. Akamwambia vipande vyake vinne vimefika mara ya saba bila ufa. Akaomba mchanganyiko ukajaribiwe pale pale konani, ili wale tisa wapumzike.

"Dada yangu," alisema Mhandisi kwa upole, "jaribio hufanywa penye ubovu. Pale pazima kabisa. Nitaandika nini kwenye ripoti, kwamba nilibomoa mita pekee nzima niliyonayo? Jaza fomu ya kiongezo kilichopo. Tutaanzia hapo."

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu. Penye *Athari kwa mazingira* Makopo aliandika: *Hakuna*. Penye *Kiasi* aliandika: *Tisa*. Penye *Jina la kiongezo* aliandika majina yote tisa, kamili, na la baba yake la kwanza, kwa herufi kubwa, mpaka yakatoka nje ya kisanduku na kuzunguka ukingo wa karatasi.

Fomu ilirudi siku ya tatu kutoka masjala na kikaratasi kimebanwa kwa pini: *Hawa wameandikwa kuwa watoro. Mtoro hawezi kuwa mahali pa kazi. Rekebisha.*

"Ngoja niende mwenyewe," alisema baba yake aliposikia. "Karani yule alikuwa akija kwetu kucheza bao. Tutaelewana."

Alikwenda siku ya Alhamisi, katika zamu yake, na wenzake wanane wakajisogeza kuziba nafasi. Aliacha nyayo za tope kutoka lango la ofisi mpaka masjala. Mama wa usafi akamwambia asijali, alikuwa hajapiga deki bado. Mlinzi akampa daftari la wageni. Penye *Unatoka wapi* Koleo aliandika: *Chini ya barabara*. Penye *Shughuli* aliandika: *Binafsi*.

Karani alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu.

"Koleo!" alisema, akasimama. "Hujabadilika hata nukta."

"Wewe umebadilika. Ulikuwa na nywele."

Wakacheka, wakaulizana hali za nyumbani. Kisha Karani akaliteremsha daftari kutoka rafu ya juu, akapangusa vumbi kwa mkono wa shati, akafungua mahali penyewe bila kutafuta. Mistari tisa, wino mwekundu.

"Mimi sikutoroka," alisema Koleo. "Nipo pale pale mliponiacha."

"Nakuamini. Mimi mwenyewe huwa nakupungia mkono nikipita."

"Basi futa."

"Daftari halifutwi, ndugu yangu. Leo nikikufutia wewe, kesho nitamfutia mwingine, keshokutwa hatuna daftari. Malalamiko yalipaswa kuletwa ndani ya siku tisini, na mlalamikaji mwenyewe."

"Nilikuwa nimefukiwa."

"Ndiyo maana nakwambia pole." Karani akapunguza sauti, akainama juu ya meza. "Na nikwambie kitu kwa faida yako. Ukisema hukutoroka, maana yake ulikuwa kazini miaka thelathini na mmoja bila kusaini mahudhurio hata siku moja. Hilo ni kosa kubwa kuliko utoro. Mimi hapa nakulinda."

Koleo akatazama saa ya ukutani, akaona robo saa yake imepita zamani, akaaga. Karani akamsindikiza mpaka mlangoni na kumwambia asipotee.

Aliwasimulia wenzake huko chini. Hakuna aliyepandisha sauti. Pale hapana nafasi ya kupandishia. Domo ndiye aliyeongea, kama kawaida yake.

"Mimi nauliza tu," alisema. "Chai tunakunywa kwa zamu kila mwaka. Ni sheria ya nani?"

Wakatafuta. Hawakukumbuka mtu yeyote aliyewahi kuiagiza. Walijiwekea wenyewe, kwa kuhurumia barabara.

Jumatatu iliyofuata Mama alikuja na vikombe tisa badala ya vitatu, na kapu la mikate. Mtu akimuuliza baadaye kama alijua, alisema alijua tu kwamba wana kiu. Saa sita na nusu wakatoka wote, wakaketi kwa safu ukingoni mwa mtaro, magoti yamegusana, jua dogo la mchana likiwapiga usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka thelathini na mmoja kuonana nyuso kwa nyuso. Wawili wakagundua wanafanana. Yule waliyemwita Kofia akajulishwa rasmi kwamba kofia yake haipo, maana kule gizani kila alipouliza walikuwa wakimwambia imekaa vizuri.

Saa sita na dakika hamsini gari lenye jani mlangoni likaingia konani. Barabara ikashuka. Ilishuka polepole, kwa heshima, kama mtu mzima anayekaa kitini, na gari likashuka nayo mpaka tope likafika kwenye jani. Mhandisi Mkuu akatokea dirishani, faili liko kichwani lisilowe.

"Karibu chini, mheshimiwa," alisema Domo. "Kuna chai."

Mhandisi akapokea chai kwenye kifuniko cha chupa, kwa sababu Mama alikuwa amekwisha kumimina. Alikunywa akiwa amesimama, akitazama lile shimo. Hatua arobaini na mbili zote zilikuwa zimekuwa uji, kama kipande cha udongo mtupu.

"Hapa pamekuwa pabovu," alisema.

"Pabovu kuliko pote," alisema Makopo, aliyekuwa amefika na makopo yake mawili, kwa sababu ilikuwa siku yake ya kuchukua sampuli. "Na jaribio hufanywa penye ubovu."

Mhandisi alikuwa mtu wa kushika kanuni hata inapomgeukia. Akatoa fomu ya jaribio kwenye faili, akaiweka juu ya boneti, akasaini. Wale tisa wakamaliza chai, wakalisukuma gari lake mpaka pakavu, wakakung'uta mikono, wakarudi ndani kushikilia kilichobaki. Hakuna aliyekiita kitendo hicho kwa jina lolote. Walikiita chai.

Kiangazi kizima kilikwenda katika kazi hiyo. Tuta lilichimbwa tabaka kwa tabaka, na wale tisa wakawa wanasogea upande huu na upande ule kuwapisha wenye matrekta. Malori yalileta majivu ya shayiri kutoka kwa wakulima, ambao walikuwa wakiyatupa, na mapipa ya gundi nyeusi kutoka kiwandani, ambako walikuwa wakiimwaga mtoni na samaki wakageuka matumbo juu. Makopo alipiga magoti siku nzima, akipima kila tabaka, akikataa lililolowa sana na lililokauka sana, mpaka madereva wakamwita mama mkwe. Koleo alikuwa akisema kutoka chini: "Hapo bado! Shindilia tena! Kushoto, kushoto, nimekwambia maji yako kushoto!" Wakaweka mfereji wa mawe kushoto. Maji yakaukubali kana kwamba yalikuwa yakiusubiri.

Kisha barabara ikafungwa siku arobaini. Mhandisi akataka ifunguliwe siku ya ishirini, kwa kuwa wakubwa wangepita. Makopo akamwambia majivu ni mavivu. Akamwambia pia kwamba safari moja mtu alitazama saa badala ya ufa, na akamwonyesha kwa kidole alipo baba yake. Siku zikatimia arobaini.

Baridi ikaja. Usiku ardhi iliganda, mchana ikalegea, ikaganda tena. Kule chini wale tisa walikuwa wameondoa mikono kiasi cha upana wa kiganja, wameiacha hewani, kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kusimama. Barafu ya kwanza ilipobana, Domo alitaka kugusa. Koleo akamzuia. "Iache," alisema. "Huyu ni mjukuu wangu huyu."

Barafu ilikuja na kuondoka mara kumi na mbili. Makopo alizihesabu zote. Mara ya kumi na mbili alitoboa sampuli katikati ya kona, akaiweka kwenye mashine ya kubana, na mashine ikanung'unika mpaka mshale ukapita namba ya mwisho iliyokuwa imechorwa. Alikaa kwenye kiti chake cha maabara, mikono iko mapajani, akatulia. Kisha akaandika cheti. Cheti hicho kina sentensi moja ambayo huandikwa kila mara, na hakuna anayeisoma: *Udongo huu unajishikilia wenyewe na hauhitaji msaada.*

Siku iliyofuata, saa saba mchana, aliisoma kwa sauti mdomoni mwa kalvati.

"Nani amesema?" baba yake akauliza kutoka ndani.

"Mimi, fundi wa maabara. Saini yangu hii hapa."

"Si msimamizi?"

"Msimamizi alistaafu, baba. Walimpa kochi na cheti cha utumishi uliotukuka."

"Na wewe una mamlaka?"

"Kwa udongo, ninayo. Hakuna aliye juu yangu."

Wakashauriana humo ndani. Sauti za watu tisa zilisikika, chini chini, kama watu wanaogawana mzigo.

"Basi acheni, jamani," alisema Koleo.

Wakatoka. Domo wa kwanza, Koleo wa mwisho, amebeba koleo lake. Wakapanda tuta, wakasimama kandoni mwa barabara na mikono yao mitupu, hawajui waiweke wapi. Wengine wakaitia mifukoni, Kofia akaikunja nyuma. Basi la abiria likapita juu ya kona. Barabara haikusema lolote. Domo akaingia katikati, akaruka na kutua kwa miguu yote miwili.

"Haina adabu hii," alisema. "Haijatikisika hata kidogo."

Mama alikunja kigoda, akafunga chupa ya chai, akamwambia mumewe twende, jua litatuzamia njiani na una tope. Wakaenda nyumbani kwa miguu. Wengine nao wakatawanyika. Mke wa Kofia alikuwa ameolewa tena, na mume wa pili, fundi cherehani, akampa Kofia chumba cha mbele na kumshonea kofia. Domo akaajiriwa kuita abiria kituoni, kazi iliyokuwa ikimsubiri.

Asubuhi ya siku ya kazi iliyofuata, Karani wa masjala aliarifiwa kwamba watu tisa wameondoka Kona ya Kinamasi bila kibali. Kanuni ilikuwa wazi: anayeondoka kazini bila kibali aandikwe mtoro. Akateremsha daftari, akachovya kalamu kwenye wino mwekundu, akafungua mahali penyewe. Mistari ilikuwa tayari imejaa. Aliitazama muda mrefu, uso ukimkunjuka taratibu, akamwita mwenzake wa meza ya pili aje aone.

"Unaona?" alisema. "Watu walinisema miaka yote hii. Kumbe daftari lilikuwa sahihi. Lilitangulia tu."

Akastaafu mwaka huo huo akiwa na moyo mweupe.

Mhandisi Mkuu alipewa nishani, na konani pakasimikwa bango: *Hapa udongo umeimarishwa kwa malighafi asilia. Hakuna kiumbe aliyedhurika.* Koleo alikwenda kulisoma. Alilisoma lote, kidole kikifuata herufi. Kisha akaona nguzo zimesimikwa juu juu, zitayumba baridi ikija, akachimba upya kwa koleo lake, akaongeza konzi mbili za majivu, akashindilia kwa kisigino. Hakuweza kuiacha kazi mbaya namna ile, hata ya bango lile.

Siku hizi amekwishaota mvi tatu. Mama anazihesabu kila Ijumaa na anaridhika na mwendo. Kilomita nyingine kumi na nane zimekwisha kuimarishwa kwa majivu na nyuzi, miti ya kandokando imerudisha majani, na ng'ombe wamepoteza hamu ya lami.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi Makopo hupita masjala, akamwomba karani mpya daftari lile la rafu ya juu, akafungua ukurasa, akasoma mistari yote tisa, akaufunga, akashukuru. Jioni akifika kwa wazazi wake hukuta baba yake mezani, mikono imetulia mbele yake.

"Bado?" baba huuliza.

"Bado."

"Haya. Mtoro anaomba sukari."

Mama humsogezea. Kwenye rafu nyuma yake kuna vikombe tisa, vimeoshwa, vimefunikwa kwa kitambaa, na ameviweka mahali ambapo mkono unafika bila kusimama.